Je, wajua? OpenSSH 9.2 ya Debian inaweza kuwa salama kuliko namba yake inavyosema

Mkaguzi wa usalama anapima seva ya Debian 12 (mfumo endeshi wa jamii ya Linux) kwenye ofisi ya utalii Arusha, kisha ripoti inatoka na wino mwekundu: OpenSSH 9.2, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, imepitwa na wakati, ina tundu la usalama lenye namba ya utambulisho CVE-2024-6387, pandisheni hadi 9.8. Programu yake ya kupimia imesoma namba tu. Tundu lenyewe huenda lilishazibwa Julai 2024.

Ni kweli watengenezaji wa OpenSSH waliliziba kwa kutoa 9.8p1 tarehe 1 Julai 2024. Lakini Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na 9.2p1, na namba hiyo haipandi tena mpaka Debian 13. Wasimamizi wa kifurushi (programu jinsi Debian inavyoigawa) huchukua mistari ile tu inayoziba tundu, wakaioanisha na kodi (msimbo wa programu) ya 9.2.

Ni kama gari la safari linaloingia gereji. Modeli mpya imekuja na kishikio cha springi kilichoimarishwa, pamoja na injini na nyaya tofauti. Fundi anachonga kishikio cha namna hiyo na kukichomelea kwenye chesisi ya zamani. Injini haiguswi, dereva hajifunzi upya, na kadi ya gari bado inasoma mwaka uleule. Anayesoma kadi bila kuinama chini ya gari atasema kishikio ni kibovu.

Kuinama chini ya gari ni amri moja:

`dpkg-query -W openssh-server`

Ikijibu `1:9.2p1-2+deb12u3` au zaidi, tundu hilo limezibwa. Mkia ndio wa kusoma: `deb12u3` ni sasisho la tatu la kifurushi hicho ndani ya Debian 12. Ushahidi wa kumpa mkaguzi uko kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, inayofunguliwa kwa `apt changelog openssh-server`. Tafuta humo namba ya CVE. Kwa mifumo ya Linux ya jamii ya Red Hat, tumia `rpm -q --changelog openssh-server`.

La kushangaza zaidi, kosa hilo liliingia na toleo 8.5p1. Debian 11, yenye 8.4p1, haikuathirika kabisa, ingawa kwa namba ndiyo kuukuu zaidi.

Kinachoharibu kazi ni kutii ripoti kwa kujijengea 9.8 kutoka kodi asilia. Apt, programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, haiifahamu nakala hiyo, kwa hiyo tundu lijalo hakuna atakayekuzibia. Isitoshe, 9.8 ilizima funguo za DSA, aina ya zamani ya funguo za kuingilia. Kifaa cha zamani kinachozitegemea hutaweza kukiingia.

Ukihitaji toleo jipya kwa sababu ya uwezo mpya, kuna hazina ya `bookworm-backports` (bookworm ni jina la Debian 12). Hiyo ni njia nyingine kabisa: toleo zima jipya hujengwa upya kwa ajili ya Debian 12 na kupewa mkia `~bpo12+1`. Haliji lenyewe, lazima uliite kwa `apt install -t bookworm-backports`, na timu ya usalama ya Debian hailisimamii.

Si kila programu huzibwa kwa mistari michache kama OpenSSH. Vivinjari Firefox ESR na Chromium hupandishwa toleo zima, maana kodi yake hubadilika mno kuchomoa mistari michache.

Na kifurushi kipya kwenye diski hakitoshi. OpenSSH hujiwasha upya yenyewe baada ya sasisho, lakini OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa na programu nyingine) ikisasishwa, nginx, programu ya seva ya tovuti, huendelea na nakala ya zamani iliyoko kwenye memori mpaka uiwashe upya. Endesha `needrestart` ikutajie huduma zilizobaki nyuma. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayodai seva nzima iwashwe upya.