Shibe si njaa iliyoondoka

Juzi nimelisikia tena, kwenye kipindi cha afya redioni: "Shibe ni hali ya kutokuwa na njaa." Basi mgonjwa wa malaria anayeugeukia ukuta ukimletea uji ameshiba? Hana njaa, hilo kweli. Lakini tangu jana hajatia kitu tumboni.

Njaa ni mwito. Tumbo tupu humwaga grelini, homoni inayouambia ubongo utafute chakula. Shibe nayo ina wajumbe wake: tumbo likitanuka, neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo, hupeleka habari ubongoni, mafuta na protini vikiingia utumbo mwembamba, hutoka homoni ya kolesistokinini, huko chini zaidi hutoka homoni nyingine, PYY na GLP-1. Ndiyo maana ukibugia maji tumbo linajaa, na muda si muda njaa imerudi. Mjumbe mmoja alifika, wengine hawakutumwa.

Hata maneno yenyewe hayatoki nyumba moja. Njaa ni la Kibantu: Waganda husema enjala, kwenye Kilingala ni nzala, sisi tumeiangusha l njiani. Kushiba tumelitoa kwenye Kiarabu, shabi'a. Kukinai pia ni la Kiarabu, kutoka qani'a, kuridhika, ila kwetu limeongeza maana: aliyekinai ameridhika, au chakula kilekile kimemchosha mpaka hataki kukiona.

Neno hili, kukinai, nalionea uchungu, maana watu wanaliacha life. Mgeni wa harusini amekula pilau mpaka anaisukuma sahani, "nimeshiba jamani, nimeshiba." Linaletwa embe, analimaliza. Watu wanamwita mlafi. Masikini, alikuwa amekinai pilau, embe hajaligusa! Watafiti walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980: utamu wa chakula ulichokwisha kula hushuka kuliko wa kile ambacho hujakionja. Bibi zetu walikuwa na kitenzi chake zamani. (Kuvimbiwa ni habari nyingine kabisa, hiyo tafuta maji ya tangawizi.)

Mtaalamu wetu wa redioni angesema tu "hamu ya kula imepungua," tusingegombana. Ila mtu akikataa sahani, asimwandikie shibe papo hapo. Amuulize kwanza amekula nini, na saa ngapi.