Protini p53 na saratani ya ini

Seli ya ini haipumziki. Pombe, virusi, sumu za chakula, vyote hupita kwake, na baadhi huijeruhi DNA. Jeraha la namna hiyo likitokea, protini iitwayo p53 ndiyo inayoamua seli ifanye nini.

Seli ikiwa salama, p53 haidumu: protini nyingine, MDM2, huitia alama ya kuvunjwa, nayo hutoweka baada ya dakika chache. DNA ikijeruhiwa, MDM2 hushindwa kuikamata. Hapo p53 hujaa ndani ya kiini na kuwasha jeni zinazosimamisha mgawanyiko, ili DNA itengenezwe kwanza. Jeraha likiwa kubwa mno, seli huamriwa kujiua. Ni afadhali ife kuliko kuzaa seli nyingine zenye kasoro ileile, kwa sababu uvimbe huanzia hapo.

Sisi walaji wa mahindi na karanga tuna sababu ya kuijua protini hii. Nafaka isiyokauka vizuri huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na iliyo kali zaidi ni aflatoksini B1. Ini likijaribu kuiondoa, huigeuza kuwa kemikali inayonata kwenye DNA, na inaweza kunata kwenye jeni ya p53 yenyewe. Herufi moja ya jeni, G, hugeuka T. Kwa hiyo kiungo cha 249 katika mnyororo wa p53 (asidi amino) huwa serini badala ya arginini. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya p53 ishindwe kushika DNA na kuwasha jeni zake.

Mwaka 1991 watafiti waliikuta kasoro hiyohiyo katika uvimbe wa wagonjwa wengi wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika, maeneo yenye sumukuvu nyingi. Kwingine ni nadra. Kwangu huo ni ushahidi mzito: chakula kimeacha alama yake ndani ya saratani.

Virusi vya homa ya ini B huizidisha hatari hiyo mara nyingi. Seli hufa na nyingine huzaliwa mfululizo, kwa hiyo DNA iliyojeruhiwa hunakiliwa kabla haijatengenezwa. Kupika hakuimalizi sumukuvu, hivyo mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Kinga ya virusi hivyo ipo ndani ya chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano), ambayo watoto wa Kenya na Tanzania hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14.