Kanuni ya nyumbani katika mchezo wa vita

Mgeni akikaribishwa kucheza dhumna au karata kwenye maskani ya Unguja, kwanza huuliza: "Hapa mnachezaje?" Jibu atakalopewa ndiyo kanuni ya nyumbani: sharti lisilokuwemo kwenye kijitabu cha mchezo, wachezaji wamekubaliana wenyewe, na halina nguvu nje ya meza yao.

Michezo ya vita ya ubao huzihitaji zaidi kanuni hizi, maana mchezo mmoja hula usiku mzima. Chukua Risk, uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse na kutolewa mwaka 1957. Ubao wake una nchi 42. Australia ina nchi nne na mlango mmoja tu, Siam, na mwenye kuishika yote hupata askari wawili wa ziada kila zamu. Afrika hutoa watatu, lakini ina milango mitatu ya kulinda: Afrika Kaskazini, Misri na Afrika Mashariki. (Zanzibar haimo kwenye ramani, Madagascar imo. Wapo wanaong'ang'ania Afrika Mashariki kwa mapenzi tu, na hawafiki mbali.) Basi kila mtu hukimbilia Australia. Meza ikiamua Afrika itoe wanne, hiyo ni kanuni iliyofikiriwa: kasoro inajulikana, na kilichoguswa ni kitu kimoja.

Kugusa dadu ni habari nyengine. Kwenye Risk, vita huamuliwa kwa dadu: namba kubwa hushinda, na sare ni ya anayejilinda. Dadu moja ikipambana na moja, katika matokeo 36 mshambuliaji hushinda 15. Mpe yeye sare, atashinda 21. Hapo kujilinda hakuna tena maana, na anayetangulia kucheza ana nusu ya ushindi mkononi.

Kishawishi kikubwa kwetu ni historia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandarini Zanzibar, mitambo ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kumfikia adui, na meli ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Sasa mtu anayecheza Axis & Allies, mchezo mwengine wa ubao, wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambamo majeshi hununuliwa kwa fedha za mchezo, atasema: tuweke kanuni, meli mpya iliyonunuliwa isirushe dadu katika raundi ya kwanza ya kushambuliwa. Inapendeza kusikia. Lakini ijaribuni zamu chache: hakuna atakayenunua meli karibu na adui, na mwenye jeshi la nchi kavu ndiye atakayefaidi. Kama mnaipenda kweli, basi bei ya meli ishuke. Mimi ningeiacha.

Kwa hiyo kabla ya kuipokea kanuni yoyote, ulizeni inamnufaisha nani, hasa kama aliyeileta ndiye aliyeshindwa jana. Wachezaji wa Axis & Allies wana njia safi ya kukwepa ugomvi huo: upande unaoonekana dhaifu hupigwa mnada. Mmoja anasema nitauchukua nikiongezewa fedha tisa, mwengine nane, mwengine saba, na anayekubali nyongeza ndogo kuliko wote ndiye anayeucheza.

Makubaliano yaandikwe kabla kete hazijapangwa. Likizuka jambo lisilotajwa katikati ya vita, kijitabu ndicho kifuatwe mpaka mchezo huo umalizike. Mapendekezo yasubiri mchezo ujao.