Nishati ya kufunga kiini ni deni, si akiba

Wanafunzi wengi wa fizikia Nairobi hudhani nishati ya kufunga kiini cha atomu ni akiba iliyojificha humo, ikingoja mnunurisho (kiini kurusha chembe au miale) uitoe. La. Ni gharama ya kutenganisha protoni na nyutroni zote: deni, kama lile la dukani Kawangware.

Chukua uraniamu-238, deni MeV 1801.7 (MeV ni kipimo cha nishati, elektronivolti milioni moja). Ikirusha alfa, yaani kiini cha heliamu-4, zinabaki thoriamu-234 (1777.7) na heliamu-4 (28.3), jumla 1806.0. Deni limepanda 4.3, na aliyekopa zaidi ndiye mwenye pesa mkononi: MeV 4.3 zinatoka, karibu zote zikienda na alfa.

Wengi huteleza kwenye hesabu ya kutoa. Kwa nishati ya kufunga, baada toa kabla. Kwa masi, geuza.