Jani Lililotobolewa Si Aibu: Dhana Potofu Kuhusu Bustani za Mimea ya Asili

Mwambie mtu apande mimea ya asili nyumbani kwake, na mara nyingi kitakachomjia akilini ni kichaka: nyasi za kufika kiunoni, miiba, nyoka. Mwingine atawaza kinyume chake, kwamba atapanda leo, aende zake, na mvua itafanya kazi iliyobaki. Wa kwanza haanzi kabisa. Wa pili huanza, kisha miche yake hukauka kiangazi kikiingia, akaamua kwamba mimea ya asili haifai. Wote wawili wanakosa kitu kizuri kwa sababu ya maneno yasiyo ya kweli.

“Mmea niliouona tangu utotoni ni wa asili.”

Umri si asili. Mwarobaini ulitoka Asia ya Kusini, mikaratusi tunayoiona kila mahali chimbuko lake ni Australia, nazo jakaranda na bogenvilia zilitoka Amerika ya Kusini. Mmea ni wa asili pale ulipofika bila kupelekwa na binadamu, ukaishi na wadudu, ndege na udongo wa hapo kwa maelfu ya miaka. Na “hapo” si nchi nzima. Mmea wa bondeni kwenye unyevu unaweza kuwa mgeni kabisa juu ya kilima cha mawe kilichopo kilomita chache tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tembea. Nenda ukingo wa msitu au kando ya kijito kilicho karibu nawe, uone kinachoota chenyewe, na kama kinapenda jua au kivuli. Ila jembe liache nyumbani. Kung’oa mimea porini kunaliharibu pori lenyewe, na mmea mkubwa ulioachwa nusu ya mizizi yake ardhini mara nyingi hufa. Kwenye kitalu, uliza kama miche imeoteshwa kwa mbegu au vipandikizi, au imechimbwa porini.

“Majani yakitobolewa, mmea unaumwa.”

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu anyunyizie sumu kile hasa alichopaswa kufurahia kukiona.

Mimea hujikinga kwa kemikali zilizomo ndani ya majani. Wadudu wengi wanaokula majani wamezoea kemikali za jamii chache tu za mimea, zile walizoishi nazo tangu kale. Kiwavi wa kipepeo monaki wa Amerika hula mimea ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe wa sumu. Ikikosekana hiyo, hakuna kipepeo. Ukipanda mti uliotoka bara jingine, wadudu wa kwako wengi hawautambui kama chakula. Unabaki bila tundu hata moja, unang’aa, na watu wanausifu.

Sasa waangalie ndege. Hata wengi wa wale wanaokula mbegu wakiwa wakubwa huwalisha makinda yao wadudu, hasa viwavi laini. Nchini Marekani kuna ndege mdogo aitwaye Carolina chickadee. Jozi moja inahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea kiota kimoja. Mwaka 2018, watafiti Desirée Narango, Douglas Tallamy na Peter Marra walichapisha utafiti walioufanya kwenye bustani za nyumba za watu katika eneo la Washington, D.C. Waligundua kwamba pale mimea ya asili ilipopungua chini ya asilimia 70 ya mimea yote kwa uzito, ndege hao hawakuweza kuzaa vya kutosha kudumisha idadi yao. Hizo zilikuwa nyua za kawaida, kama wako na wangu.

Mmea wenye afya huvumilia kupoteza sehemu ya majani yake. Ukiona viwavi, subiri. Ndege na nyigu watakuja.

“Nyuki wote huishi kwenye mzinga.” Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi kipweke. Sehemu kubwa ya hao huchimba vishimo ardhini na kutaga humo. Wabakizie kipande cha udongo mtupu penye jua.

“Mimea ya asili haihitaji maji wala matunzo.”

Inahitaji, mpaka mizizi yake ishike, na kwa miti na vichaka hilo huchukua kama mwaka mmoja au miwili. Mwagilia kwa nadra lakini maji yazame, ili mizizi iyafuate chini. Kunyunyiza kidogo kila siku huifanya ibaki juujuu. Chimba shimo lenye kina sawa na udongo uliobebwa na mche, lakini upana mara mbili au tatu. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiyaweka mbali na shina ili lisioze. Ukivuka mwaka huo au miwili ndipo utakapoona faida uliyosikia ikisimuliwa: maji na matunzo kidogo.

“Itakuwa kichaka, na nyoka watakuja.” Nyoka hufuata panya na maficho, hawaulizi mmea umetoka wapi. Marundo ya kuni na takataka yakae mbali na mlango. Panda mifupi mbele na mirefu nyuma, kila aina kwa fungu badala ya mmoja mmoja, kisha weka ukingo wa mawe au njia iliyonyooka. Jicho litaona bustani.

“Basi kila cha kigeni king’olewe.”

Hapana. Mgeni aliyetulia si sawa na mvamizi. Lantana, iliyosambazwa duniani kama ua la bustani kutoka Amerika ya kitropiki, huteka malisho na kingo za misitu kwa sababu ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Pale ilipo vamizi, hiyo ndiyo ianze kuondolewa, kabla matunda hayajaiva. Kisha punguza ukoka kipande kwa kipande, msimu baada ya msimu. Mti wa kigeni unaokupa kivuli uache usimame. Panda mche wa asili pembeni yake, na usishike shoka mpaka huo mche ufike kimo cha kukufunika.