Je, daktari aliye mbali anaijuaje presha ya mama yako?

Mama yuko Pangani, mwanawe yuko Muscat, daktari yuko Dar es Salaam. Mjukuu anamfunga bibi mkanda mkononi, mashine inavuma, namba zinatokea: juu 158, chini 92. Anapiga picha, anaituma WhatsApp. Daktari, badala ya kuandika dawa, anarudisha maswali: Alikuwa amekaa au amelala? Mkono uliwekwa wapi? Alikuwa anazungumza? Ameshakwenda haja ndogo? Wengi hukereka hapo. Namba si imeonekana?

Imeonekana, lakini jinsi ilivyopatikana haionekani kwenye picha, na kwa mzee hilo lina uzito mkubwa.

Nesi anayepima kwa kusikiliza huweka kifaa chake juu ya mshipa, hujaza mkanda hewa mpaka damu isipite, kisha huachia taratibu. Sauti ya kwanza ya damu ikipenya ndiyo presha ya juu. Sauti ikipotea, hiyo ndiyo ya chini. Njia hiyo ilielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Mashine ya betri tunayonunua duka la dawa kwa kawaida haisikilizi chochote. Inapopunguza hewa, kila pigo la moyo hutikisa mkanda kidogo. Mitikisiko hiyo hukua, hufika kilele, kisha hufifia. Mashine huifuatilia, halafu hukokotoa presha ya juu na ya chini kwa kanuni aliyoiweka mtengenezaji. Kwa hiyo zile namba mbili ni makadirio, na chochote kinachovuruga mitikisiko huvuruga jibu. Mzee akizungumza au akitikisa mkono, jibu huyumba. Moyo wake ukiwa unapiga bila mpangilio, jambo la kawaida uzeeni, kipimo kimoja hakitoshi kabisa, vinahitajika kadhaa.

Swali la mkono nalo lina hesabu yake. Damu ina uzito. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo kwa sentimita 10, kipimo hupanda kwa takriban 8. Bibi aliyekaa mkekani, mkono umelala sakafuni, anaweza kuonekana ana presha kali kuliko aliyo nayo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Kibofu kilichojaa hupandisha, miguu iliyokunjwa mmoja juu ya mwingine hupandisha. Yakikutana mawili au matatu, mzee anaongezewa kidonge asichokihitaji, anasimama usiku kwenda chooni, kizunguzungu kinamshika, anaanguka na kuvunjika nyonga. Ndiyo maana maswali ya daktari hayanikeri hata kidogo. Daktari asiyeuliza ndiye anayenitia hofu.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mzee akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote ikanyage chini, mkono uwe wazi juu ya meza kwa usawa wa moyo. Apumzike dakika tano bila mazungumzo. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni. Daktari atataka siku nne mpaka saba hivi, namba za siku ya kwanza ziachwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, huhesabiwa kuwa presha ya kupanda, wakati kliniki mpaka uliozoeleka ni 140 kwa 90. Tofauti hiyo ipo kwa sababu watu wengi presha huwapanda wakimwona tu daktari na koti lake jeupe. Wapo pia wa kinyume chake, kliniki wanaonekana wazima na nyumbani iko juu. Hao hawagunduliki ila kwa kipimo cha nyumbani, na hapo huduma ya mbali inaweza kumshinda hata daktari aliye hatua mbili kutoka kwa mgonjwa.

Kwa wazee ningeongeza jambo moja ambalo familia nyingi haziambiwi: mpimeni pia akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu baada ya kuinuka, mtu akiwa kando yake. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari anapaswa kuambiwa kabla hajagusa dozi.

Kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni nacho kina siri yake. Hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima damu imefyonza kiasi gani. Rangi ya ngozi pia hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho kilishindwa kuonyesha oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Kibanio kikionyesha 94 na mzee anahema kwa shida, aminini kuhema. Piko nyeusi ya harusini nayo inaweza kukivuruga, kwa hiyo tafuteni kidole kisichopakwa.

Kupima kwa mbali si jambo la jana. Mwaka huohuo wa 1905, mjini Leiden, Uholanzi, mtafiti wa moyo Willem Einthoven alipitisha mapigo ya moyo ya wagonjwa kwenye waya wa simu, kutoka hospitali hadi maabara yake umbali wa kilomita moja na nusu. Waya ule ulibeba mapigo yenyewe. Picha ya WhatsApp hubeba jibu tu, ndiyo sababu aliyekaa kando ya mzee ana kazi kubwa kuliko mashine.

Je, inasaidia kweli? Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2018, lenye wagonjwa 1,182, liliwalinganisha waliopima nyumbani, madaktari wakatumia namba hizo kurekebisha dawa, na waliopimwa kliniki tu. Baada ya mwaka, presha ya juu ya wale wa nyumbani ilikuwa wastani wa 136 hadi 137, ya wengine 140. Pengo ni dogo, ila lina maana kwa ugonjwa unaoleta kiharusi. Lakini tazameni kilicholeta nafuu: kuna mtu alizisoma namba na kubadilisha dawa. Mashine iliyonunuliwa kwa upendo kutoka Muscat, namba zake zisiposomwa na yeyote, haishushi presha ya mama.

Kuna pia wakati wa kuiweka simu chini. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea ghafla, maneno yakivurugika, kifua kikibana, au presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili kama hizo, msisubiri jibu la ujumbe. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali, na kumbukeni saa dalili ilipoanza, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.