Kuvumwani za Ncha za Dunia: Dhana Potofu na Ukweli

"Kuvumwani ni mmea mdogo."
Jina lenyewe linakataa: kuvu na mwani. Ni viumbe wawili wanaoishi pamoja hadi wakaonekana mmoja. Kuvu hujenga nyumba. Mwani, au wakati mwingine sainobakteria (aina ya bakteria), hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliposema hivyo mwaka 1867, wengi waliobobea katika fani walimpinga vikali. Na hakuna mizizi hapo. Vile vinyuzi vya chini kazi yao ni kung'ang'ania jiwe tu.

"Ukishaona umbo na rangi, umeijua spishi."
Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Tumezoea kuzigawa kwa sura: zilizoganda juu ya jiwe kama ukoko, zenye umbo la jani, na zilizosimama kama kijichaka. Mgawanyo huo unasaidia ukiwa nje unatazama, ila hausemi lolote kuhusu ukoo. Kuvu zisizo na undugu wa karibu zimefikia sura ileile, kila moja kwa njia yake. Kinyume chake nacho kipo: kuvu ileile ikiishi na mwani wa kijani huweza kuwa na sura moja, na ikiishi na sainobakteria, sura nyingine kabisa.

Ndiyo maana, kwa kanuni za kimataifa, jina la kuvumwani ni jina la kuvu yake. Mwani una jina lake pembeni. Kuitambua kwahitaji hadubini, tone la kemikali la kuona kama rangi itageuka, na siku hizi DNA.

"Antaktika haioti kitu."
Mimea ya asili inayotoa maua huko ni miwili tu, hilo kweli. Lakini spishi za kuvumwani zinapita 300 (Aktiki zinafika kama 1,700). Katika Mabonde Makavu ya McMurdo, vunja jiwe la mchanga linaloonekana tupu: chini ya uso wake kuna utepe mweusi, kisha mweupe, kisha wa kijani, vyote ndani ya milimita chache. Hiyo ni kuvumwani iliyojificha katikati ya chembe za mchanga. *Umbilicaria aprina* nayo imepimwa ikifanya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga, kwenye nyuzi 17 za Selsiasi chini ya sifuri.

"Za kaskazini na za kusini hazihusiani."
*Rusavskia elegans*, ya rangi ya machungwa, ipo pande zote mbili na kwenye milima mirefu. DNA ya *Cetraria aculeata* inaonyesha asili yake ni kaskazini, ikashuka kusini kupitia milima ya Andes, Amerika Kusini. *Buellia frigida*, kwa upande wake, haijatoka nje ya Antaktika.

"Zote hukua kwa mwendo mmoja."
Katika Mabonde Makavu, *Buellia frigida* huongeza takriban milimita 1 kwa karne. Kwenye kisiwa cha Livingston, nacho cha Antaktika lakini penye unyevu zaidi, baadhi ya kuvumwani huongeza zaidi ya nusu milimita kwa mwaka.